Mzee yupo hai ila hawezi kusaini, tufanyeje? Barua ya wazi kwa wakubwa wa Mtwara na Lindi

Shikamooni wakubwa wangu.

Nawaandikia nyie wakuu wa mikoa yetu miwili, Mtwara na Lindi, na wakuu wa wilaya, wakurugenzi wa halmashauri, viongozi wa ushirika wa korosho kuanzia vyama vikuu mpaka AMCOS za vijijini, na nyie watu wa benki mnaokuja na mahema yenu msimu ukifunguliwa. Mimi ni mama wa miaka 41, kwetu ni kijijini huko juu kwenye uwanda wa Makonde, sa hivi naishi Masasi nauza vitenge na madera. Sina chama nachokisemea. Nina jambo moja tu na nitalizunguka sana kabla sijalifikisha, mnisamehe, ndo nilivyo.

Jambo lenyewe ni hivi. Huku kwetu mtu akifa kila mmoja anajua cha kufanya, nani aende kuchimba, nani apige simu Dar, nani apike, siku ya tatu watu wanakaa kikao cha ukoo, muhtasari unaandikwa, mahakama ya mwanzo wanajua fomu ipi inajazwa na wapi. Yani kifo tumekizoea. Ila mtu akiwa hai, anapumua, anakunywa uji, lakini mkono hauandiki tena au akili imeanza kumtoka, hapo hamna anayejua. Mtendaji hajui, benki hawajui, sisi watoto ndo kabisa. Na hiyo hali inaweza kukaa miaka, siyo wiki.

Msimu wa 2020 baba yetu alipeleka korosho ghalani kama miaka yote, kilo 1,140, stakabadhi akaikunja akaiweka kwenye kile kikopo chake cha maziwa ya unga anachowekea vitu vyote vya maana, kitambulisho cha NIDA, kadi ya benki ambayo hajawahi kuitumia hata siku moja, na picha ya mama ya zamani. Siku chache kabla ya malipo akaanguka uani alfajiri anaenda kutawadha. Kiharusi. Upande wa kulia wote ukafa, mdomo ukaenda pembeni, maneno yakabaki mawili tu, "ee" na "aka", yani ndiyo na hapana. Hayo mawili yashikeni, yatarudi.

Hela ikaingia. Tulijua sababu simu yake ililia meseji akiwa amelala kitandani, mdogo wangu mmoja akasoma, tukaangaliana. Mgonjwa tunaye, hela ya mgonjwa tunaiona kwenye kioo cha simu, na hatuwezi kuigusa. Namba ya siri ya kadi alikuwa nayo yeye kichwani kama aliwahi kuwa nayo.

Tukakodi gari tukampeleka mjini benki. Mdogo wangu alimshika shingo njia nzima maana ile barabara mnaijua. Tukamuingiza na kiti cha plastiki tulichoazima dukani hapo nje. Kijana wa kaunta alikuwa mpole, simlaumu hata kidogo na nataka mjue simlaumu, akatoka mwenyewe nje ya kioo akachuchumaa mbele ya baba akamuuliza, mzee unataka kutoa shilingi ngapi? Baba akasema ee. Laki mbili au laki tano mzee? Ee. Kijana akaleta ile mashine ya kidole, gumba la kulia limelegea halikai, akajaribu la kushoto, mashine ikakataa, akalifuta na pamba, ikakataa, mara saba. Mwisho akasema taratibu kama anaongea na mtoto, basi mzee hela yako tuiache tu ipumzike mpaka upone, sawa eh? Baba akapiga kelele benki nzima ikageuka. Aka! Aka! Na machozi yakamtoka jicho moja, lile lingine lilishakuwa kavu.

Yule kijana akaniambia neno ambalo mpaka leo nikipita pale nalikumbuka: "Dada, mimi naona kabisa mzee anaelewa, ila mfumo hauna sehemu ya kuandika naona anaelewa."

Basi tukaanza safari. Barua ya mtendaji wa kijiji, ikapigwa muhuri, benki wakasema haitoshi. Barua ya daktari, wakasema hii inaonyesha mzee ni mgonjwa, haionyeshi wewe ni nani wa kuchukua hela yake. Nendeni mahakamani. Mahakamani karani akasikiliza mpaka mwisho, akauliza marehemu alifariki lini, nikamwambia hajafariki yupo nyumbani, akaweka kalamu chini. Akasema mngekuwa mmefiwa ningewapa fomu leo leo, ila mzee wenu yupo hai, hapa mirathi hamna. Hakusema kwa ubaya. Ila nilitoka pale nawaza, kumbe wanatusubirisha afe.

Baba alikaa mwaka mmoja na miezi mitano. Tukauza mbuzi wote, tukauza bati ambazo alikuwa amenunua kuezeka banda. Halafu tukafanya lile jambo ambalo kila mwaka mnatukemea kwenye mikutano, tukauza maua kwa kangomba, yani korosho bado ipo kwenye ua mtu anakupa hela leo anachukua mzigo Oktoba kwa bei yake. Mnapokuja na gari za matangazo kusema wanaouza kangomba ni wavivu na walevi wa nipa, ile gongo ya mabibo, jueni wengine wana mgonjwa ndani na hela halali ya ushirika imelala benki kwa jina lake. Pembejeo nazo hivyohivyo, salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho, inatoka kwa jina la mkulima aliyepo kwenye daftari, mkulima mwenyewe ndo huyu hawezi kwenda kuichukua, chama chetu wakasema aje au alete mtu anayetambulika, na anayetambulika ni nani hamna aliyejua. Tulipata mifuko michache kwa kujuana. Mikorosho ikashikwa ugonjwa wa ubwiriunga, msimu ule tukaokota nusu.

Akafariki Machi 2022. Na hapo sasa milango yote ikafunguka. Cheti cha kifo, muhtasari wa ukoo, tangazo, mahakama ya mwanzo ikanipa fomu namba nne ya usimamizi, ndani ya miezi mitatu hela ya kilo 1,140 ikatoka yote na riba yake kidogo. Tukalipa madeni ya dawa za mtu tuliyeshamzika.

(Kwenye kikao cha ukoo wapwa zake walikuja nao, wakasema ardhi ni ya upande wa bibi yetu, mikorosho ndo kapanda yeye kwa hiyo mikorosho ni yenu ila ardhi siyo yenu. Mnaotoka huku mnaelewa, ukoo wetu unafuata kwa mama. Wazee wakatusuluhisha, siingii huko, ila kama ingekuwa imeandikwa wakati baba ana mkono wake tusingefika kule.)

Mwaka jana nikakutana na msaidizi wa kisheria, mmoja wa hawa wanaotambulika na sheria ya msaada wa kisheria ya 2017, alikuja dukani kununua dera tu, tukaanza kuongea. Yule mama alinifundisha kwa nusu saa vitu ambavyo ningevijua 2019 maisha yangu yangekuwa mengine. Akaniambia baba yako akili ilikuwa nzima, kilichokufa ni mdomo na mkono. Angeweza kuletewa wakili au hakimu hapo hapo kitandani, akasomewa hati kwa lugha anayoielewa, akajibu ee na aka mbele ya mashahidi, akaweka dole gumba la kushoto kwa wino. Ile hati wanaita pawa ofu atoni, ya kumpa mtu mamlaka afanye mambo kwa niaba yako. Nikamuuliza mbona hamna aliyetuambia? Akacheka, akasema mliuliza watu wa mirathi.

Afu akaniambia na ubaya wake. Hii hati ya kawaida inaishi muda ule mwenyewe ana akili zake. Akili ikitoka, akawa hajui analofanya, mamlaka uliyopewa nayo yanakwisha, maana wewe ni mkono wake, na kichwa kilichoutuma mkono hakipo tena. Hapo inabidi mahakama sasa ndo iteue mtu wa kusimamia mali zake, ipo sheria ya afya ya akili ya 2008 inayosema hayo. Sasa wakubwa wangu, fikirieni bibi wa Liwale ndanindani aanze kutafuta mahakama ya kumteulia msimamizi sababu babu amesahau jina lake. Yani wakati mtu anapohitaji ile hati kuliko wakati wowote ndo wakati inapokufa. Wabunge wetu wa kusini mpo mnasoma, hili ni la kwenu, pelekeni Dodoma hoja kwamba mtu akiwa na akili timamu akaandika "hata nikichanganyikiwa kesho, huyu aendelee", iheshimiwe. Nchi nyingine wanalo hilo, siyo jambo geni.

Kwa nini naharakisha? Sababu ya mama na mdogo wangu wa kiume.

Mama ana miaka 68. Ujana wake wote kabangua korosho, zile za kukaanga kwenye debe na kugonga kwa rungu moja moja, na yale mafuta ya ganda yanaunguza ngozi kama mnavyojua, wanapaka majivu lakini wapi. Vidole vyake ukivishika ni laini kama kitambaa cha hariri, mistari hamna. Kusajili laini ya simu ilikuwa vita, NIDA walimrudisha mara mbili, mashine inamwona kama hana vidole. Ndo huyu akaunti ya korosho sa hivi ipo kwa jina lake. Na tangu mwaka juzi ameanza kusahau, siyo sana, anapika ming'oko, vile viazi pori vyetu, anasahau kama ameipika anaanza tena kuosha mingine. Anajicheka. Sisi tunacheka naye, halafu usiku silali.

Mdogo wangu huyu, siyo yule aliyemshika baba shingo, ana miaka 34. Alipozaliwa uchungu ulichukua siku mbili, wakasema ana mtindio wa ubongo. Hatembei, anaongea kwa shida ila sisi tunamwelewa, na kazi yake nyumbani ni moja na anaifanya kuliko sisi wote. Korosho zikishaanikwa tunammwagia kwenye mkeka, anachukua moja moja anaitikisa sikioni, nzima kushoto, iliyopwaya kulia. Mzigo uliopita mikononi mwake haujawahi kukataliwa ghalani. Baba alikuwa anasema huyu ndo afisa ubora.

Swali ambalo kila mzazi mwenye mtoto kama huyu analala nalo ni nikifa nani atamgeuza usiku. Hamna mtu anayeliuliza kwa sauti, unaogopa watoto wengine wasione unawatwisha. Sheria ya watu wenye ulemavu ipo, namba 9 ya 2010, nzuri tu. Sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999 nayo imesema mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu ardhi ni batili, haina nguvu. Lakini kwenye vikao vya ukoo nilivyokaa mimi, mdogo wangu hajawahi kutajwa kama mrithi, anatajwa kama mzigo, "na huyu nani atakaa naye", kana kwamba yeye hana fungu. Ana fungu! Fungu la mtoto wa kiume, shekhe alitwambia wazi.

Na kuhusu shekhe, hapa niseme kidogo maana wengi huku ni waislam na watu wanachanganya. Nilitaka mama aandike wosia amwongezee mdogo wangu kipande cha shamba. Shekhe akasema wosia unaishia theluthi moja ya mali, na haumhusu mrithi mpaka warithi wenzake waridhie, na mdogo wako ni mrithi. Ila akasema mama akiwa hai na akili zake anaweza kumpa hiba, yani zawadi, ampe leo na akabidhi leo, mbele ya mashahidi, au aweke wakfu mikorosho kadhaa mapato yake yamlishe yule mtoto maisha yake yote. Mikorosho ya wakfu, mimi sikuwahi kufikiria! Msikiti wetu una minazi ya wakfu tangu enzi za babu na hamna aliyetuambia inaweza kuwa kwa ajili ya mtu. Wakristo nao wana njia zao, wosia wa maandishi na mashahidi wawili, RITA, wale wa serikali wa vizazi na vifo, wanaandika na kuutunza, ukipotea nyumbani nakala ipo. Sasa nani huku kijijini anajua kwamba RITA wanafanya zaidi ya cheti cha kuzaliwa? Na ukimwambia mzee aandike wosia anakwambia unanitakia uchuro.

Sasa ombi langu, na najua mtasema bajeti.

Mnapenda sana siku zenu. Tarehe 1 Oktoba ni siku ya wazee, wazee wanapakiwa kwenye gari wanavalishwa tisheti wanapewa soda na sabuni, hotuba, picha, kwisha. Tarehe 3 Desemba ni siku ya watu wenye ulemavu, hivyohivyo, bango na ngoma. Hebu tazameni kalenda. Oktoba mpaka Desemba ni nini kwetu? Ni korosho! Ndo muda pekee kwa mwaka mzima ambao kila mkulima wa Mtwara na Lindi anafika ghalani kwa miguu yake mwenyewe, ana kitambulisho mfukoni, ana hela inakuja, na benki wapo, ushirika wapo, mtendaji yupo. Muda wenyewe mnao, watu mnao, eneo mnalo, chini ya mwembe wa AMCOS.

Wekeni meza moja pale. Akae wakili au msaidizi wa kisheria, afisa ustawi wa jamii, mtu wa RITA, mtu wa ardhi, na mtu wa benki ambaye ana mamlaka siyo yule wa kugawa vipeperushi. Mkulima akishapima mzigo wake anapita pale anaulizwa maswali matatu tu, kesho ukiamka huwezi kuongea nani akuchukulie hela yako, nani akuchukulie salfa yako, na nani nyumbani kwako hawezi kujitegemea. Akijibu, inaandikwa, anaweka dole, mashahidi wapo wamejaa hapo foleni. Nusu saa. Kama ana mke, akaunti iwe ya pamoja. Daftari la wakulima liwe na mstari wa pili, jina la mtu wa badala aliyechaguliwa na mkulima mwenyewe siyo aliyejichagua. Mstari mmoja tu wa daftari jamani, haihitaji sheria ya Bunge, nyie vyama vikuu, iwe MAMCU au TANECU au RUNALI au Lindi Mwambao, mkikaa kikao kimoja mnaweza.

Na huyo wa badala awekewe kamba, msije mkafikiri mimi ni mtoto nisiyejua watoto wenzangu wakoje. Nawajua waliochukua kadi ya bibi wakanunua pikipiki, bibi anakula mhogo mkavu. Simu ya mzee namba ya siri anayo mjukuu, msimu ukiisha hela nayo imeisha. Kwa hiyo iandikwe anachukua kwa ajili ya nini, na mtu wa tatu aonyeshwe hesabu mara moja kwa mwaka, awe shekhe, awe padri, awe mwenyekiti wa kitongoji, yoyote ambaye mzee anamwamini. Na mzee akisema aka, iwe aka.

Ardhi. Kuna vijiji vimeshapimwa vina masjala na watu wamepewa hati za hakimiliki za kimila, kuna vijiji bado hata cheti cha ardhi ya kijiji hamna. Kwenye vile vyenye masjala naomba afisa anapojaza fomu asiulize tu mwenye shamba nani, aulize na nani mwingine aandikwe. Majina mawili matatu yanaruhusiwa. Mdogo wangu jina lake likiwa kwenye hati, siku mimi nimekufa hamna mtu atakayeuza lile shamba bila kumhesabu.

Hela za halmashauri sasa. Asilimia kumi ya mapato ya ndani, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Wazee hamna, haya. Ila hata ile mbili, nilipoenda kuuliza kwa ajili ya mdogo wangu nikaambiwa aje mwenyewe aeleze biashara yake. Aeleze vipi? Mlezi wa mtu asiyeweza kujieleza asimamiwe na ustawi, akope kwa niaba ya mlemavu wake, afuge kuku, hesabu zionekane. Maana anayebeba mzigo wa ulemavu mkubwa kijijini kwa kawaida ni mama yake, na yule mama hawezi kwenda kokote kufanya biashara sababu hawezi kumwacha.

Pensheni ndo hata sijui nianzie wapi. Mwalimu na nesi wanastaafu na miaka 60 wana mfuko wao. Mkulima wa korosho ambaye makato yake kwenye kila kilo yamejenga mambo mengi katika nchi hii, akizeeka anategemea nani? Zanzibar tangu 2016 mzee akifika miaka 70 anapewa pensheni kila mwezi hata kama hajawahi kuajiriwa, walianza na shilingi elfu 20. Huku bara tunaambiwa TASAF, sawa, TASAF imesaidia kaya nyingi siwezi kuikana, ila TASAF ni ya kaya maskini, siyo ya uzee. Mimi nasema hivi, kwenye ile karatasi ya makato yenye mistari mingi mpaka mtu anachoka kusoma, mkulima anayetaka mwenyewe aruhusiwe kuongeza mstari mmoja wa kwake, shilingi 50 kwa kilo, iende NSSF au mfuko wowote unaoaminika kwa jina lake. Kilo elfu moja ni elfu 50 kwa mwaka. Ndogo, najua. Ila baba alipeleka korosho ghalani tangu mfumo wa stakabadhi ghalani umeanza 2007, hesabuni wenyewe. Na iwe hiari kabisa, tumeshakatwa vya kutosha bila kuulizwa.

Matibabu sitaongea sana, mmeshaandikiwa. Sera ya wazee ya 2003 ilisema mzee asiye na uwezo atibiwe bure, mama anacho kitambulisho, kwenye dirisha la wazee anahudumiwa vizuri na salamu anapewa, anaandikiwa dawa tatu, anapewa panado, zile mbili zingine akanunue. Basi.

Najua kuna kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia tangu 2023, wanasheria wanakuja na magari, watu wanajazana, na wengi wamesaidiwa migogoro ya ardhi. Nashukuru. Lakini ile ni mvua ya kupita, inanyesha wiki inakwenda mkoa mwingine, na mtu hapigwi kiharusi kwa ratiba ya gari. Ndo maana nang'ang'ania ghalani. Ghala lipo kila mwaka.

Benki nanyi, tafadhali. Mnamfuata mkulima mpaka shambani afungue akaunti, mnampa kofia. Siku akipooza mfuateni pia. Ofisa mmoja na shahidi wawili na pikipiki, kitandani, saa moja. Na ule mfumo wenu wekeni basi ile sehemu aliyosema yule kijana.

Mimi kwa upande wangu nimeshaanza, nisionekane nasubiri tu kuletewa. Mwezi uliopita nilimpeleka mama kwa wakili, tumelipa, pawa ofu atoni ipo na nakala nimeiweka sehemu tatu. Hiba ya mdogo wangu shekhe anaiandika, mikorosho 60 ya upande wa bondeni, tumeihesabu pamoja na mama na wapwa wa baba wakiwepo, mdogo wangu tulimbeba kwenye toroli akahesabu naye kwa sauti yake, alifika kumi na moja akaanza upya. Kwenye akaunti ya pamoja ndo tumekwama. Benki wanataka alama za vidole za wote wawili, mimi zangu zimesoma, za mama mashine imekataa, tumeambiwa turudi wiki ijayo mtandao ukiwa vizuri. Mtandao hauna shida, nimewaambia, ni korosho.

Kwa hiyo mkikubali kuja na hiyo meza Oktoba, viti tutatoa sisi, madafu yapo, na chumba cha ghala cha wazee kukaa kivulini nimeshaongea na mwenyekiti. Mama naye kanituma niwaambie, mje na ule wino wa zamani wa buluu, wa kwenye kisahani.